TAA ZA ISHARA MAHALI PENYE JOTO KALI

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja wa bohari mbele ya mkutano wa wanachama wa Kibaha na Kisarawe)



 Bwana Katibu aliponiomba nichague jambo la kusema niliona haya kidogo, kwa kuwa wasemaji walionitangulia walisema juu ya mambo makubwa: malipo ya uzeeni, elimu ya watoto wetu, na nyumba za watumishi. Mimi nimeleta jambo dogo kama kifungo cha shati, nalo ni taa. Si taa ya kusomea, wala taa ya barabarani, bali ile taa ndogo iliyo katika mlango wa kabati la umeme, nyekundu au kijani, itoayo habari kwamba mtambo unakwenda au umesimama, kwamba umeme upo au haupo. Tena nataka kusema hasa juu ya taa hiyo inapowekwa mahali penye joto kali.

Labda mtu atauliza, Je, hayo si mambo ya mafundi? Sisi makarani yatuhusu nini? Naomba mnivumilie mpaka mwisho, nami nitawaonyesha kwamba mara nyingi anayeichagua taa ile si fundi. Ni karani aliyeketi mezani pake na karatasi zake, wala hajui kwamba anachagua.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza bohari ya ofisi moja upande wa Kisarawe. Ofisi ile ilikuwa na jenereta, nayo ilikaa katika kibanda cha mabati. Kabati la swichi lilifungwa katika ukuta wa magharibi, hata jua la alasiri likawa linapiga bati, na bati linapasha mgongo wa kabati. Taa zake za zamani zilikuwa zimeungua. Fundi wetu, mzee mwenye kazi ya miaka mingi, akaandika katika daftari lake: taa za ishara, nyekundu nne, kijani nne, manjano mbili. Mimi nikayanakili maneno yale yale katika hati ya kuagizia vifaa, nikaongeza volti 230, nikaipeleka. Zikaja taa kumi za LED, za bei nafuu na nzuri kwa macho. Nikazipokea, nikazihesabu, nikatia sahihi. Hesabu ilikuwa sawasawa. Hata mkaguzi asingeona kosa.

Haikupita miezi mingi. Ulipofika mwezi wa Februari, joto likiwa limezidi, zile nyekundu zikaanza kufifia, na mmoja wetu akasema ni vumbi. Siku moja, yapata saa tisa alasiri, yule mzee alikwenda kubadili fyuzi. Kwa desturi ya kabati lile, taa nyekundu ikiwaka maana yake umeme umo ndani. Akaiangalia, akaiona imezimika. Akafungua mlango. Lakini kabla hajanyosha mkono alifanya kama alivyofundishwa katika ujana wake: alitoa kipima-volti, akagusa chuma kwa ncha zake. Sindano ikapanda mpaka 230. Umeme ulikuwamo. Taa ndiyo iliyokufa, nayo ilikufa kwa joto.

Mzee alikuja bohari, wala hakunigombeza. Aliweka kile kitaa juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, hiki ulichoninunulia kimesema uongo."

Nikajibu, "Shikamoo mzee. Mimi niliandika kama ulivyoandika wewe."

Akasema, "Marahaba. Ni kweli. Mimi niliandika rangi, nawe ukanakili rangi. Katika sisi wawili hakuna aliyeandika joto."

Maneno yale yalinichoma. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, maana kuuliza si ujinga, na haya nitakayosema ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kujua joto la mahali penyewe. Sisi wa Pwani twasema joto la mchana ni nyuzi 32, na tunadhani taa nayo inaishi katika nyuzi 32. Sivyo. Taa inaishi ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, pamoja na transfoma na swichi za sumaku, na kila kimoja cha vitu hivyo hutoa joto lake. Hewa ya ndani huweza kuwa juu ya hewa ya nje kwa nyuzi 10, 15, hata 20, na jua likipiga sanduku huzidi hapo. Basi dawa yake ni rahisi. Tundika kipimajoto ndani ya kabati karibu na taa, funga mlango, acha mtambo ufanye kazi yake, kisha ukisome alasiri ya siku ya joto. Hesabu hiyo ndiyo ya kuandika. Taa nyingi za kawaida zimepimwa na watengenezaji wake kwa nyuzi 55, nyingine kwa nyuzi 70. Kama kabati lako lina nyuzi 58, na taa yako mwisho wake ni 55, umekwisha kununua hasara kabla ya kulipa. Afadhali mwisho wa taa upite joto la mahali kwa nyuzi 10 au zaidi.

Jambo la pili ni aina za taa. Ziko tatu tunazozikuta.

Ya kwanza ni taa ya uzi, jamaa ya ile aliyoionyesha Edison huko Marekani mwaka 1879. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma unaopata moto kupita nyuzi 2,000 mpaka ukang'aa. Kitu kilichozoea moto wa namna hiyo hakisumbuliwi na joto la kabati. Ndiyo sababu taa za ndani ya majiko ya kuokea mikate ni za uzi, nazo hutengenezwa kuvumilia nyuzi 300. Lakini ina aibu zake. Haipendi mtikisiko, na jenereta hutikisa ukuta mzima. Yenyewe hutoa joto, hata huyeyusha kifuniko chake kama ni cha plastiki hafifu. Tena haivumilii umeme kupanda: volti zikizidi kipimo chake kwa asilimia 5 tu, maisha yake hupungua karibu nusu. Walakini kinyume chake ni faida. Ukiipa volti pungufu kwa asilimia 10, mwanga hushuka mpaka karibu asilimia 70, lakini maisha yake huongezeka karibu mara nne. Mafundi wa zamani walijua siri hii, wakafunga taa ya volti kubwa mahali pa volti ndogo.

Ya pili ni taa ya neoni, iliyotengenezwa mwaka 1917 na Daniel McFarlan Moore. Haina uzi, ni gesi ndani ya kichupa cha kioo, nayo hung'aa rangi ya chungwa. Hula umeme kidogo sana, haipati moto, na huvumilia joto vizuri. Ila rangi yake asili ni hiyo moja, mwanga wake ni hafifu juani, na haiwaki mpaka ipate volti 60 hata 90 au zaidi. Basi kwa umeme wa volti 24 haifai kabisa. Ikizeeka kioo chake huwa cheusi, na taa huanza kupepesa.

Ya tatu ni LED. Ile nyekundu ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilifanywa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ile ya buluu yenye mwanga mkali ilichelewa mpaka miaka ya 1990, na mabwana watatu wa Kijapani kwa asili, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2014. LED ni taa bora kwa mambo mengi: haina uzi wa kukatika, haijali mtikisiko, hula umeme kidogo, na hukaa miaka. Adui yake mkubwa ni joto.

Joto huidhuru LED kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kupita: ikipata moto mwanga hupungua, ikipoa hurudi. Hapa pana jambo la kutisha. Katika rangi zote, nyekundu na manjano ndizo zinazopungua sana. Nyekundu ikifikia nyuzi 85 yaweza kupoteza theluthi ya mwanga wake au zaidi, na manjano hupoteza zaidi ya hiyo, hali kijani na buluu za siku hizi hupungua kidogo tu. Mmeona, wenzangu? Zile rangi mbili tunazozitumia kutangaza hatari na tahadhari ndizo zinazodhoofika wakati wa joto, yaani wakati ule ule ambapo hatari iko karibu. Njia ya pili ni ya kudumu: taa ikikaa motoni siku nyingi huzeeka upesi, wala haipati tena nguvu yake.

Tena kuna jambo lililofichika. Taa ya LED iliyoandikwa volti 230 si LED peke yake. LED yenyewe hutaka volti mbili au tatu tu. Basi ndani ya kile kitako kidogo wametia vifaa vya kupunguza umeme. Wakitumia rizista, rizista hutoa joto pale pale. Wakitumia kapasita ya maji-maji, ile hukauka. Na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita hiyo hupungua nusu. Mara nyingi, basi, LED bado nzima, na kilichokufa ni mtumishi wake. Kwa hiyo mahali pa joto ni bora kuchagua LED ya volti 24, na kile chombo cha kupunguza umeme kikawekwa chini ya kabati au nje yake, mahali pa baridi.

Nisiache kusema kwamba LED huweza kudanganya kwa upande wa pili pia. Kwa kuwa yatosheka na umeme kidogo sana, waya wake mrefu ukilazwa sambamba na waya wenye umeme, hupata mwanga mdogo hata swichi ikiwa imezimwa. Fundi huona taa inawaka kidogo, asijue aamini nini. Tiba yake ni rizista ya kuunga kando ya taa, au taa iliyotengenezwa isiwake kwa volti ndogo. Nayo ni lazima kuandikwa katika hati.

Jambo la tatu ni mwili wa taa. Kifuniko cha akriliki huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 100. Polikaboneti huvumilia zaidi. Kioo hushinda vyote. Waya wa kawaida wenye gamba la PVC mwisho wake ni nyuzi 70, na wa silikoni ni nyuzi 180. Haifai kununua taa ya nyuzi 100 na kuifunga kwa waya wa nyuzi 70, kama mtu aliyenunua kufuli la chuma akalifunga katika mlango wa makuti.

Jambo la nne ni mahali pa kuiweka. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo taa iliyo juu ya mlango huteseka kuliko iliyo chini. Kabati lisielekee jua la alasiri. Kama haliwezi kuhamishwa lijengewe kivuli, na taa ivishwe kofia ili ionekane. Pakiwa na tanuru au joko, msishindane na moto. Iwekeni taa mbali ukutani, mkavute waya mpaka kwake. Au tumieni fimbo ya kioo inayochukua mwanga peke yake, taa ikabaki mahali pa baridi na mwanga ukasafiri.

Basi mtu akiniuliza kwa ufupi, Nichague ipi? nitamjibu hivi. Kabati lisilozidi nyuzi 45, LED nzuri ya kawaida yatosha. Kati ya hapo na nyuzi 60, chagua LED iliyopimwa nyuzi 70 au zaidi, ya volti 24, chombo chake kikae mbali. Kupita hapo, rudi kwenye neoni au taa ya uzi yenye kioo, lakini soma kwanza kipimo cha kitako chake pia. Na pakiwa na moto wa tanuru, ondoa taa mahali pale.

Sasa naomba tutazame nje ya dirisha letu. Tunaishi katika nchi ya taa hizi. Pale Mlandizi mitambo ya Ruvu Juu imekuwa ikisukuma maji tangu mwaka 1959. Viwanda vimeongezeka Kibaha, na tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Mahali pote penye mitambo na reli pana makabati, na katika makabati pana taa ndogo, na nyuma ya kila taa pana karatasi aliyoiandika mtu kama mimi na ninyi.

Reli ina somo kubwa kwetu. Ile ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Katika zama za taa za mafuta ya taa, ishara za reli zilikuwa na vioo vya rangi, na dereva wa treni alifundishwa sheria moja isiyo na mjadala: ukifika penye ishara ukaikuta taa imezimika, usiseme hakuna ishara, ihesabu kuwa inasema Simama. Sheria hiyo iko katika reli mpaka leo. Nasi tuichukue tuitie katika makabati yetu. Taa iliyozimika haisemi kwamba hakuna umeme. Haisemi neno lo lote. Bubu hashuhudii.

Kwa hiyo kabati la mahali pa joto liwe na kitufe cha kujaribia taa, ambacho ukikibonyeza taa zote huwaka, nawe hujua ipi imekufa. Na juu ya hayo yote, fundi apime kwa kipima-volti kabla ya kugusa, kama alivyofanya yule mzee. Taa ni ya kuonya. Kipimo ndicho cha kuamini.

Nimefika katika neno lililonileta. Tangu mwaka 2023, serikali ilipoanzisha mfumo wa NeST, zabuni zetu hupita katika mashine, na wauzaji hushindana kwa bei mbele ya macho ya wote. Ni jambo jema. Lakini mashine haijui alasiri ya Februari ndani ya kibanda cha mabati. Husoma tulichoandika. Tukiandika rangi na volti basi, muuzaji mwenye taa hafifu kuliko zote atashinda kwa haki, wala hakuna wa kumlaumu, kwa maana ametuletea tulichoomba. Aliyekosa ni aliyeomba.

Hivi ndivyo niandikavyo siku hizi, nanyi mwaweza kunakili kama mkipenda: Taa ya ishara, LED, nyekundu, volti 24, iweze kuwaka mfululizo katika joto la nyuzi 70 ndani ya kabati, kifuniko cha polikaboneti au kioo, isiwake kwa umeme wa kuvuja, muuzaji alete karatasi ya mtengenezaji yenye vipimo hivyo. Ni mistari mitatu tu. Vifaa vikija, sihesabu idadi peke yake. Nasoma ile karatasi, na kama joto halikuandikwa sitii sahihi.

Na kabla ya kuandika, namwendea fundi. Zamani niliona aibu kumwuliza, nikidhani ataniona mjinga, naye aliona aibu kunieleza, akidhani nitamwona mjuaji. Baina ya aibu yangu na aibu yake pangeweza kuchimbwa kaburi. Karani na fundi wasipozungumza, taa haitasema kweli hata ikiwa ya dhahabu.

Kabati lile la Kisarawe lilitengenezwa upya. Lilihamishiwa ukuta wa mashariki, likatobolewa matundu ya hewa chini na juu, likapata taa za volti 24 na kitufe cha kujaribia. Yule mzee amekwisha kustaafu, analima mihogo na mikorosho yake, na tukionana huniuliza kwanza habari za watoto, kisha habari za taa. Kile kitaa kilichosema uongo bado kiko mezani pangu, kimekuwa cheusi. Nakiweka pale ili kinikumbushe, kila ninaposhika kalamu, kwamba mkono wa mtu uko mwisho wa mstari ninaouandika.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Kama yupo mwenye swali, au fundi mwenye kunisahihisha, nitafurahi.